Miezi Thelathini na Sita

Mimi nilitaka jipi. Niseme kweli kwanza.
Nilitaka kitu kirefu, chenye kifua,
kinachopita madimbwi ya Katuba mwezi wa kwanza
bila kuuliza kina.
Ngosa, mke wangu, alikuja na futikamba ya kushonea.

Akapima buti: mfuko wa unga, kilo hamsini, umelala,
mikoba mitatu ya shule, ndoo ya sombe.
Akapima goti la Kapend hadi kiti cha mbele,
akaongeza vidole vinne,
"maana huyu anarefuka kila Jumapili."
Muuzaji, kijana mwenye tai ya kijani
na viatu visivyojua vumbi letu jekundu,
alituimbia usukani: uko kushoto, baba,
si kama zile za Japani
ambazo abiria hushukia katikati ya barabara.
Akatuimbia ubaridi wa ndani. Akatuimbia kamera ya nyuma.
Bei aliinong'ona.

Si bei ya kununua. Kununua tulishaacha kukuota.
Ni ya kukodi: amana leo,
kisha kila tarehe tano, miezi thelathini na sita,
na mwishoni funguo zinarudi mezani kwake.

Sasa mama.
Mama hakualikwa, alikuja tu, na kitenge cha kanisani,
nyonga yake ya kushoto ikilia kama bawaba.
Jipi aliitazama kama mtu anavyotazama
ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba.
Alijaribu mguu mmoja. Akaurudisha.
Akaiendea ile ya chini, ya rangi ya majivu,
akageuka, akaketi mgongo kwanza, akavuta miguu,
na mlango ukafunga kwa sauti ndogo,
kama sufuria iliyopata kifuniko chake.
Hapo jipi ilikufa. Hatukuiwekea matanga.

"Ni ya nani?" aliuliza kutoka ndani.
"Ya kampuni, mama. Miaka mitatu."

Kidole chake kilipita juu ya nailoni ya kiti.

"Nyumba ya kambi ilikuwa ya kampuni,
nami nimewazaa sita mle.
Unga wa kampuni. Kitanda cha hospitali cha kampuni.
Hata kuamka tuliamshwa nao, king'ora kikilia
mpaka jogoo wetu akakata tamaa.
Halafu mwezi mmoja mshahara haukuja.
Na mwingine.
Baba yako akawa anavaa kofia yake ya kazi kila asubuhi,
anatoka, anakaa pale ukutani,
saa tisa anarudi, ananawa mikono isiyo na uchafu.
Hakuna aliyetuandikia siku."

Akanyoosha mkono dirishani, akaomba karatasi.
Mama hasomi Kifaransa. Tarakimu anazisoma.
Alitafuta kwa ukucha, ukurasa wa kwanza, wa pili,
kijana akitaka kumsaidia na Ngosa akimkataza kwa jicho,
mpaka akaipata, chini kabisa, ukurasa wa nne:
tarehe ya kurudisha.
Akaigonga mara mbili.
"Hii nzuri," akasema. "Hii imeandikwa."

Nilitia sahihi. Kalamu pia ilikuwa ya kampuni.

Tulirudi polepole. Tukavuka reli,
na kwenye lile shimo ninalolijua kama ndugu
tumbo la gari likakwaruza kidogo.
Niliisikia kwenye meno.
Ngosa akageukia dirisha, kwa heshima.
Nyuma watoto waligombea kitufe cha kioo,
kioo kikapanda, kikashuka, kikapanda.

Mkataba unasema irudi kama ilivyotoka.
Siku hiyo Kapend atakuwa na sauti nzito.
Yumba, anayelala sasa mapajani pa mama yake,
atakuwa anatusomea mabango ya njiani, herufi kwa herufi.
Na kiti hiki cha mbele, kulia kwangu...
sikuhesabu zaidi.

"Nailoni msitoe," mama alisema.
Kisha, tulipofika njia panda:
"Pitia kambini. Pole pole.
Nataka ule ukuta unione."